Nukta Moja Chini ya Mkono

Chukua kalamu uandike ba mwanzoni mwa neno kwa herufi za Kiarabu. Ni kijino kifupi, na nukta moja chini yake. Ongeza nukta ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza, na ba imekwisha kuwa ya. Wino ulioongezeka hautoshi hata kumchafua kidole mtoto wa chuoni, lakini neno limehama. Yad ni mkono. Ukiipunguzia nukta moja unabaki na bad, na mkono hauonekani tena.

Hiyo ndiyo ajali iliyoipa jina mojawapo ya nyota kubwa kabisa tunazoziona kwa macho matupu. Waarabu waliiita Yad al-Jauza, mkono wa Jauza. Katika zama za kati, vitabu vyao vya falaki vilipokuwa vikigeuzwa kuwa Kilatini, palisomwa nukta moja palipokuwa na mbili, ikaandikwa Bed. Toka hapo ikaja Bedalgeuze, na baada ya kupita mikono mingi ikaja Betelgeuse ya Waingereza na Beteigeuze ya Wajerumani, ambao wana i mahali wenzao walipo na l. Dunia nzima inaitaja nyota hii kwa neno ambalo, likivunjwa vipande, kipande chake cha kwanza hakitaji kitu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na haliniachi. Tumezoea kuuliza maana ya jina kama mtu anayepasua nazi kutafuta maji: tunaamini imo ndani, imefungwa, na kazi yetu ni kuifikia tu. Hapa nazi imepasuliwa na maji hakuna. Hata hivyo jina linafanya kazi yake kila usiku, kwa watu wa lugha zote. Basi linashika wapi?

Kwetu si nyota ya kutafutwa kwa shida. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba, toka nje baada ya isha utazame mashariki. Utaona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, kama vifungo vya kanzu. Kushoto kwake, upande wa kaskazini, kuna nyota yenye rangi ya kaa linaloanza kufifia. Ndiyo hiyo. Kulia, upande wa kusini, iko nyingine nyeupe ya kuelekea samawati: Rigel. Hiyo ilisomwa sawasawa. Jina lake latokana na rijl, mguu, na mpaka leo ni mguu wa Jauza. Viungo viwili vya mwili mmoja vilisafiri njia ileile kwenda Ulaya. Mguu ukafika salama, mkono ukapotea njiani.

Na huyo Jauza ni nani? Waarabu wa kale waliona mwanamke. Jina lake linahusishwa na shina lenye maana ya katikati, na kweli mshipi wake umekaa katikati hasa ya anga, juu ya mstari unaoigawa mbingu ya kaskazini na ya kusini. Wagiriki walitazama nyota zizo hizo wakaona mwanamume mwindaji, Orion. Kitabu cha Ptolemy kilipotafsiriwa kwa Kiarabu, nyota yetu ikapewa jina kwa kufuata umbo hilo la mwindaji: mankib, yaani bega. Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota zisizotembea mwaka 964, alifanya kazi ninayoiheshimu mno. Aliyaweka majina ya vitabu vya Wagiriki na majina ya Waarabu wa jangwani pamoja, bila kuyafuta ya upande mmoja.

Lugha yetu nayo ina fungu lake katika mchanganyiko huu. Katika falaki ya pwani Jauza ni burji ya Mapacha; mtu akiambiwa nyota yake ni Jauza, anayetajwa si yule mwanamke mwenye mshipi, ni jirani zake. Kwa nahodha wa Bahari ya Hindi Jauza alikuwa mwelekeo, kwani katika dira ya nyota ya mabaharia Waarabu, mahali anapochomoza na mahali anapotua palihesabiwa miongoni mwa pande za kuongozea chombo. Na katika orodha za majina ya nyota kwa Kiswahili utakuta ile nyota nyekundu imeandikwa Ibuti la Jauza. Ibuti ni kwapa. Wasomi wa Ulaya nao, walipoona Bed haieleweki, waliwahi kudhani kwamba asili yake lazima ni neno la kwapa. Wengine wakasema ni bait, nyumba. Mkono, bega, kwapa, nyumba. Watu walikuwa wakipapasa palepale gizani, kila mmoja akiibuka na kiungo chake.

Ajali ya nukta haiwezi kumshangaza mtu aliyewahi kushika hati za zamani za Kiswahili. Kwa karne nyingi, Lamu, Pate na Mombasa, lugha yetu iliandikwa kwa herufi hizohizo, nazo hazikuwa na mahali pa sauti zetu zote. Katika maandishi mengi ya zamani ba ilibeba b, na p, na mb. Pata, bata na mbata ziliweza kuandikwa kwa namna moja. Aliyesoma alijuaje kama mshairi anamtaja ndege au nazi iliyokauka? Alijua kwa sababu alikuwa ameshalisikia lile shairi, au aliyeketi naye alikuwa amelisikia. Karatasi ilimkumbusha, na mdomo wa mwenzake ulimsahihisha. Akiteleza, mzee aliyeinamisha kichwa pembeni kama amesinzia angemrudisha palepale.

Huyo mzee ndiye aliyekosekana kwa mtafsiri wa Kilatini. Sidhani alikuwa mzembe. Kusoma herufi za kigeni kwa mwanga wa mshumaa, katika nakala ya nakala, ni kazi ya mtu mwenye bidii. Alichokosa ni mtu wa kumwambia: hapana, ni mkono, tazama, ule pale juu. Jina lilifika kwake bila watu wake. Na jina lililotengwa na watu wake ni alama za wino tu, zinaweza kuwa chochote.

Nina mjomba ambaye alimaliza darasa la saba akiwa na jina lenye l katikati. Cheti kilipotoka, karani wa shule alikuwa ameandika r. Jina lile lilikuwa na maana katika lugha ya nyumbani kwao, lilitaja msimu aliozaliwa. Lenye r halitaji kitu. Hakuna aliyejali mpaka miaka mingi baadaye, alipokwenda kufuatilia mafao yake akaambiwa karatasi zake ni za watu wawili. Ilibidi apate hati ya kiapo, ile inayotamka kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Nilimsindikiza siku hiyo. Alipoitwa kwa jina la cheti, lile la makosa, lisilo na maana, aliitika mara moja na kusimama. Wanawe wote leo wanatumia r. Wajukuu hawajui kwamba liliwahi kuwapo jingine, na wakiitwa nao wanaitika.

Jina huitikiwa. Nadhani hapo ndipo linaposhika. Mjomba haulizi kwanza kama herufi zimekaa sawa. Anasikia kwamba anatakiwa, anasimama. Lakini nyota haiitiki. Ukiita Betelgeuse, au Ibuti la Jauza, au jina lolote, kule juu hakuna kinachogeuka. Anayeitika ni mtu aliyesimama kando yako, anayeinua macho, anatafuta, kisha anasema: nimeiona. Jina la nyota ni makubaliano kati ya watu wawili walioko chini. Likiwafikisha wote mahali pamoja limetimiza haja yao, hata kama ndani yake mkono umevunjika.

Ningeweza kutosheka hapo, lau nyota yenyewe ingekubali kuwa kitu kimoja kinachokaa mahali pamoja. Haikubali.

Desemba 1920, juu ya Mount Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease waliupima upana wake. Walifunga boriti ya chuma ya mita 6 kwenye darubini kubwa kuliko zote za wakati ule, wakaiwekea vioo, wakaunganisha miale ya nyota moja iliyofika sehemu mbili tofauti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuupima upana wa nyota yoyote mbali na Jua. Ukitaka kujua walichokipima ni kidogo kiasi gani, simama Mombasa ujaribu kuiona sarafu ya upana wa sentimita 2.5 iliyowekwa Malindi. Kumbe kile kidoa ni jitu. Kwa makadirio ya sasa lina upana wa mara 700 na zaidi kuliko wa Jua. Lingewekwa mahali pa Jua letu, Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi zote zingekuwa ndani yake.

Sema upana wake hasa ni upi, na hapo ndipo mambo yanaposumbua. Gesi ya nje ya jitu hili ni nyepesi mno, inapungua polepole kuelekea nje bila kufika mahali unapoweza kusema hapa nyota inaishia na hapa anga inaanza. Ukiitazama kwa aina moja ya mwanga unapata kipimo kimoja, kwa aina nyingine unapata kingine, na vyote ni vya kweli. Haina ngozi. Sisi tunaosema kwamba jina lazima liwe na kitu chenye mpaka wake tumepewa kitu kisicho na mpaka.

Hata umbali wake unateleza. Nyota hupimwa umbali kwa kuangalia inavyosogea kidogo machoni petu Dunia ikiwa upande huu wa Jua, na tena miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Kwa nyota hii msogeo huo ni mdogo mara kadhaa kuliko upana wa nyota yenyewe, na juu ya uso wake kuna mapovu makubwa ya gesi yanayochemka, yakihamisha sehemu angavu huku na huku. Ni kama kumpima mtu hatua zake naye anayumba. Ndiyo maana vipimo vimetawanyika kati ya miaka ya nuru 500 na 700. Nuru itakayoingia machoni mwako usiku wa leo huenda iliondoka kule wakati Ibn Battuta anashuka Kilwa mwaka 1331, huenda iliondoka wakati Wareno wamekwisha kufika katika pwani hii. Kati ya majibu hayo mawili ulimwengu wetu mzima ulibadilika, na nuru ni ileile.

Na wekundu, je? Mhunzi anajua kwamba chuma chekundu hakijafikia moto wa chuma cheupe. Uso wa nyota hii una joto la nyuzi kama 3,300 za Selsiasi, ilhali Jua lina 5,500 hivi. Imevimba, na kuvimba kumeipoza kwa nje. Tunasema nyekundu kana kwamba tumetaja asili yake. Lakini Sima Qian, mwandishi wa historia wa China aliyeishi yapata miaka 2,100 iliyopita, alipotaka mfano wa nyota ya rangi ya njano aliitaja hii. Mwaka 2022 kundi la watafiti wakiongozwa na Ralph Neuhäuser walilinganisha maandishi ya kale kama hayo, wakahitimisha kwamba nyota imebadilika rangi ndani ya kumbukumbu za binadamu. Wekundu wake, kwa hesabu hiyo, unakaribia kuwa mpya kuliko jina la kwanza waliloipa watu. Nyota kwa kawaida ndizo tunazozitolea mfano wa vitu visivyobadilika.

Kisha ikaja ile miezi ya mwisho wa 2019. Edward Guinan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, waliokuwa wakiifuatilia nyota hii kwa miaka mingi, waliona inafifia kuliko walivyowahi kuipima. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza karibu theluthi mbili ya mwanga wake. Hata bila chombo ulikuwa unaona: bega la mwindaji limelegea. Watu walianza kunong'ona kwamba inakufa, kwa sababu kifo chake kinajulikana. Ina uzito wa mara kumi na kadhaa kuliko Jua, imeishi miaka milioni kumi hivi ilhali Jua lina miaka milioni 4,600, na itakapomaliza kuni zake italipuka iwe supanova, ionekane hata mchana. Inaweza kuwa wakati wowote ndani ya miaka 100,000 ijayo. Haikufa. Mwaka 2021 kundi la Miguel Montargès lilionyesha kwa picha zilizopigwa Chile kwamba upande wa kusini wa uso wake ndio uliofunikwa na giza: nyota ilitapika gesi, gesi ikapoa, vumbi likajikusanya mbele yake upande wetu. Nikasema moyoni Waarabu wa jangwani hawakukosea kumwona mwanamke. Alikuwa amejitanda.

Wapo wapendao kusema kwamba labda nyota imekwisha kulipuka na tunaona kivuli chake. Uwezekano huo ni mdogo sana, na mimi simo katika wanaoupenda. Nyota ipo. Kinachonishughulisha ni kwamba ipo kama mto ulivyopo: tunaita jina moja kitu ambacho maji yake si ya jana.

Sasa nirudi kwenye nukta. Mwaka 1959 Paul Kunitzsch, mtaalamu wa Kiarabu aliyefundisha Munich, alitoa kitabu kuhusu majina ya Kiarabu ya nyota yaliyoingia Ulaya. Alifuata nakala baada ya nakala akionyesha mahali kila jina lilipopinda, na ndiye aliyeturudishia yad. Si kwapa, si nyumba. Mkono, na nukta moja iliyopotea. Unaweza kuuliza faida ya kazi hiyo ni nini. Jina halikubadilishwa; mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoidhinisha rasmi majina ya nyota, uliandika Betelgeuse, pamoja na kosa lake. Watu waliendelea kuinua macho na kuitikiana vilevile. Kwa kufuata nilichosema hapo juu kuhusu makubaliano ya watu wawili, Kunitzsch hakuongeza kitu.

Hapo ndipo nilipoona maelezo yangu hayakutosha. Mjomba aliitika kwa jina la makosa, kweli. Lakini siku ile tukirudi nyumbani aliniambia lile la asili, akanieleza ni msimu gani, na mvua zilikuwa zimechelewa kiasi gani mwaka huo. Alilisema polepole, kama mtu anayenionyesha mahali palipozikwa kitovu chake. Jina lile halikumsaidia kupata mafao. Nisingependa kuishi bila kulijua.

Na kwa nyota lilitokea jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipanga. Mwangaza wa nyota hii hupanda na kushuka kwa mizunguko, mmoja wa zaidi ya mwaka mmoja, na mwingine mrefu wa kama miaka sita. Ule mrefu haukuwa na maelezo ya kuridhisha. Mwaka 2024 makundi mawili ya watafiti yalipendekeza kwamba kuna mwenza, nyota ndogo inayoizunguka kwa karibu sana, ndani ya gesi za jitu lenyewe. Desemba mwaka huo Steve Howell na wenzake wakaelekeza kule darubini ya Gemini North iliyoko Mauna Kea, Hawaii, na Julai 2025 wakatangaza walichokiona: kidoa hafifu cha samawati, karibu kabisa na lile jitu. Wenyewe walikiri kwamba ushahidi si mzito, lakini kidoa kilikuwa mahali na wakati uliotabiriwa.

Wakapendekeza kiitwe Siwarha. Siwar ni bangili, na ha mwishoni ni ya mwanamke: bangili yake.

Fikiri kidogo jina hilo lilivyowezekana. Kwenye Betelgeuse hamna pa kuvalia bangili. Kwenye kwapa hamna, kwenye nyumba hamna. Kwenye bega la mwindaji wa Kigiriki ingekuwa kichekesho. Ili mtu aone bangili ilibidi kwanza mwingine, katika chumba kilichojaa nakala kuukuu, awe ameuokota mkono na kumkumbuka mwenye mkono. Jina kubwa limebaki limevunjika, na jina dogo limelivaa kama vile halikuvunjika kamwe.

Nimeitazama ile picha mara nyingi. Kuna doa kubwa la rangi ya machungwa, na ubavuni mwake kuna nukta moja.

Watafiti wanasema mwenza huyo amekwisha kuzama tena katika mwanga wa jitu, na kwamba wakati mzuri wa kumtafuta utakuwa Novemba 2027. Kwa macho yetu hataonekana. Mwezi huo, usiku ukianza kukomaa, Jauza atachomoza baharini amelala ubavu kama anavyolala siku zote katika anga ya Ikweta, mguu ukitangulia na mkono ukifuata nyuma. Mjomba wangu hajui lolote kuhusu bangili. Nitamwita nje, nimwonyeshe upande.